Ellis Island Haikufungwa, Ilihama

Wiki mbili zilizopita nilitembea Ellis Island, New York, nikiwa nimesimama Kayole na waya wa projekta mkononi. Hakuna mtu aliniuliza pasipoti. Hakuna mtu aliniuliza nina pesa ngapi kwa akaunti. Nilibonyeza tu, mlango ukafunguka, na nyuma yangu watoto 40 wa Gredi ya 8 wakasema "woooi!" kwa sauti moja.

Wacha nieleze vizuri. Mdogo wangu ana mwalimu wa masomo ya jamii ambaye alikuwa anafundisha kuhusu uhamaji wa watu, na kitabu kilikuwa na aya mbili na picha moja ya meli. Mwalimu akasikia kwamba siku hizi madarasa mengi duniani hutembelea Ellis Island bila kutoka darasani. Kuna picha unazungusha kama uko ndani ya jengo, kuna video, kuna sauti zilizorekodiwa za wazee wakieleza vile walifika pale wakiwa watoto. Shule haina projekta. Mimi ninayo, ya mtumba, tunaitumia kuonyesha mechi hapo plotini. Basi mdogo wangu akatumwa: mwambie ndugu yako aje na ile mashine. Nikaja na mashine, nikaja na bando, nikapewa kiti mbele ya darasa. "Hujambo mgeni wetu!" Tangu niache chuo sijawahi kuitwa mgeni wa heshima, kwa hivyo nilikaa nimenyooka kabisa.

Kama hujui Ellis Island ni nini, ni kisiwa kidogo ndani ya bandari ya New York, karibu na ile Sanamu ya Uhuru unaiona kwa kila filamu jiji likitaka kuharibiwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 1892 hadi Novemba 1954, watu kama milioni 12 walipita pale wakiingia Marekani. Wengi walitoka Ulaya: Waitaliano, Wayahudi waliokimbia Urusi, Wairishi, Wapolandi, Wagiriki. Siku moja tu, tarehe 17 Aprili 1907, walipokea watu 11,747. Siku moja, na hakuna kompyuta. Majina yote kwa kalamu.

Ziara karibu zote huanza na msichana mmoja, na yetu ilianza naye. Anaitwa Annie Moore, wa Cork, Ireland. Alikuwa na miaka 17 na alikuja na wadogo wake wawili wa kiume kwa meli inayoitwa Nevada. Ndiye alikuwa mtu wa kwanza kuandikishwa siku kisiwa kilipofunguliwa, na akapewa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Ana sanamu mbili, moja pale kisiwani na nyingine kwenye bandari aliyotoka huko Ireland. Watoto walipenda hiyo sehemu sana. Dola 10! Mmoja alianza kuzibadilisha kuwa shilingi za leo, mwalimu akamwambia akae chini.

Mimi nilipofika nyumbani nikasoma yaliyobaki. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba Annie alienda magharibi, akafika Texas, akafa mwaka 1923 baada ya kugongwa na tramu. Stori safi kabisa ya Marekani, mtu anafika na anasonga mbele na jua linatua. Shida ni kwamba yule wa Texas alikuwa Annie Moore mwingine kabisa. Mwaka 2006 mtafiti wa nasaba, Megan Smolenyak, alionyesha kwamba Annie wetu hakwenda popote. Aliishi Manhattan, mtaa wa Lower East Side, ule mtaa wa vyumba vilivyobanana, si mbali na bandari aliposhukia. Aliolewa na mtoto wa mwokaji mikate, akazaa watoto wasiopungua 10, na karibu nusu yao walikufa wadogo. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1924 na akazikwa bila jiwe lenye jina lake. Jiwe liliwekwa mwaka 2008. Yaani sanamu mbili zilitangulia jiwe la kaburi.

Sisemi hivi ili kuharibia mtu sherehe. Lakini weka hiyo akilini, kwa sababu ziara nzima ina tabia hiyo hiyo. Inapenda watu wanaopita.

Sasa ngazi. Ukishuka kwa meli unapanda ngazi ndefu kuelekea ukumbi mkubwa, na kule juu kuna madaktari wanakuangalia tu unavyopanda. Hujaguswa. Nani anahema sana? Nani anachechemea? Wanasema daktari alikuwa na kama sekunde 6 kwa kila mtu. Akishuku kitu, anachukua chaki na kuandika herufi kwenye koti lako. H ni moyo. L ni kuchechemea. X ni akili. Kisha kuna mwingine wa macho, anayepindua kope yako kwa kidude cha chuma kilichotengenezewa kufunga vifungo vya viatu, akitafuta trakoma. Hapo darasa lote lilishika macho. Kuna watu waliogeuza makoti yao nje-ndani ili chaki isionekane, wakapita. Nawapenda sana hao watu.

Na si wote walipanda hizo ngazi. Ukiwa umelipia daraja la kwanza au la pili, wakaguzi walikuja kwako kwenye meli, mnaongea kidogo, unashuka moja kwa moja mjini. Kisiwa kilikuwa cha abiria wa chini kabisa. Nilisimamisha video hapo nikawaambia watoto warudie: kisiwa kilikuwa cha nani? "Cha maskini!" Basi. Hii kitu haijazeeka hata siku moja.

Ukipita madaktari unaingia ukumbini na kungojea kwenye viti virefu hadi uitwe mbele ya meza. Karani ana orodha ya abiria iliyojazwa kule meli ilipotoka, na ana maswali 29. Jina, umri, umeoa, unafanya kazi gani, unajua kusoma, nani alikulipia nauli, una pesa ngapi, unaenda kwa nani, umewahi kufungwa, una wake wangapi. (Ile hadithi kwamba makarani wa Ellis Island walibadilisha majina ya watu si kweli, walikuwa wanasoma tu kilichoandikwa tayari. Hapa kwetu ndipo unaingia ofisini ukiwa na jina moja na unatoka na kitambulisho chenye jina la mtu mwingine, lakini tuachane na hiyo.)

Kati ya hayo maswali kuna moja nataka ulisikie polepole. Je, kuna kazi inakungoja?

Fikiria umetoka kijijini Italia, umelala wiki mbili chini ya meli, unataka kumfurahisha huyu mzee wa sare. Utasema nini? Ndiyo, nina kazi! Umekwisha. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1885 iliyokataza kuingiza wafanyakazi waliopewa mkataba wakiwa nje. Sawa, sasa sema hapana, sina kazi, sina pesa, sina mtu. Umekwisha tena, kwa sababu sheria nyingine ilikataza mtu yeyote anayeelekea kuwa mzigo wa umma. Na hiyo ya mzigo wa umma ndiyo ilirudisha watu wengi zaidi. Jibu sahihi lilikuwa katikati: sina kazi lakini nina nguvu, nina binamu, nitapata. Lazima uwe maskini kiasi fulani. Ukizidi, umekosa. Ukipungua, umekosa.

Hapo ndipo tumbo langu lilijikunja, na nitawaambia kwa nini, lakini kwanza mjue kulikuwa na mlango mbaya kuliko huo. Upande wa pili wa Marekani, kwenye ghuba ya San Francisco, kuna Angel Island. Kituo chake cha uhamiaji kilifanya kazi kati ya 1910 na 1940. Huko walifikia Wachina wengi, na tangu 1882 kulikuwa na sheria ya kuwazuia Wachina waziwazi, kwa jina. Aliyekuwa na ruhusa ni kama mtoto wa raia, kwa hivyo walihojiwa kuthibitisha wao ni watoto wa kweli. Nyumba yenu ina ngazi ngapi? Pipa la mchele linakaa wapi? Jirani wa nyumba ya tatu anaitwa nani? Halafu baba anaulizwa peke yake maswali hayo hayo, na majibu yakipishana, shida. New York watu wengi walimaliza kwa saa chache. Angel Island watu walikaa wiki, miezi, wengine karibu miaka miwili. Wakawa wanachonga mashairi kwenye kuta za mbao. Mwaka 1970 jengo lilikuwa libomolewe, na mlinzi mmoja wa hifadhi, Alexander Weiss, akaingia na tochi akayaona. Sasa hivi darasa lolote lenye intaneti linaweza kuyaona pia. Mlinzi mmoja na tochi, wasee. Angeamua kuendelea na shughuli zake tungekuwa hatuna hizo kuta.

Turudi Kayole. Baada ya meza ya maswali kuna ngazi nyingine za kushuka, zinaitwa Ngazi za Utengano. Zimegawanywa mara tatu. Ukishuka kulia unaenda kwa treni, safari ya mbali. Ukishuka kushoto unapanda kivuko, unaingia New York. Katikati ni wale wanaozuiliwa. Video ikaonyesha ngazi, muziki ukapanda, na kamera ikashuka upande wa kivuko, tukaona jiji, mwisho. Watoto wakapiga makofi.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mgeni, hao wa katikati walienda wapi?"

Kabla sijajibu, mwingine wa nyuma: "Na kwani hakukuwa na mtu mweusi hata mmoja?"

Nilisema nitawatafutia majibu. Hiyo ndiyo lugha ya mtu ambaye hajui.

Kwa hivyo hili swali la pili kwanza, kwa sababu ni rahisi zaidi. Walikuwepo. Waafrika waliofikishwa Marekani kabla ya hapo waliletwa kwa minyororo na hakuna mtu aliwauliza maswali 29, hiyo ni historia nyingine na mlango mwingine. Lakini Ellis Island walipita makumi ya maelfu ya watu weusi, wengi kutoka visiwa vya Karibea, Jamaika, Barbados, Trinidad, na wengi wakaishia Harlem. Kulikuwa na karani anaitwa Augustus Sherman aliyependa kupiga picha wahamiaji wakiwa kwenye nguo zao za nyumbani. Mwaka 1911 alipiga picha ya wanawake kutoka Guadeloupe. Wamevaa vilemba na magauni mapana, wameangalia kamera moja kwa moja, hawacheki. Hiyo picha iko mtandaoni bure. Ziara yetu haikufika hapo.

Na swali la kwanza. Hao wa katikati.

Takwimu ambayo kila mtu hupenda kutaja ni kwamba asilimia 2 pekee ndio walirudishwa. Inasikika ndogo. Lakini karibu mtu mmoja kati ya watano alizuiliwa kwanza, saa kadhaa, siku, wiki. Mtoto ana surua, anapelekwa hospitali ya kisiwani, mama anangoja. Mwanamke amekuja peke yake, hatoki hadi ndugu wa kiume aje kumchukua. Mtoto mdogo akikataliwa kabisa, mzazi mmoja lazima apande meli arudi naye, na familia inagawanyika hapo hapo kwenye sakafu.

Halafu mwaka 1924 ikaja sheria iliyobadilisha kila kitu, na hii sehemu ndiyo nilikuwa sijawahi kuisikia popote. Marekani iliweka idadi ya watu kutoka kila nchi, ikapunguza sana Waitaliano na Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ikawafungia Waasia karibu wote. Na ikahamisha ukaguzi. Badala ya kukuuliza maswali ukishafika, ungeulizwa kabla hujatoka, na balozi mdogo wa Marekani katika nchi yako. Viza kwanza, meli baadaye. Ule ukumbi mkubwa ukabaki mtupu karibu usiku mmoja. Kilichobaki Ellis Island ni ile njia ya katikati tu: watu wanaozuiliwa, watu wanaongoja kufukuzwa.

Soma hiyo tena. Meza ya maswali haikufungwa. Ilihama. Ilivuka bahari ikaja ikakaa kwenye miji yetu, nyuma ya kioo, na nchi nyingine nyingi nazo zikaona ni njia nzuri.

Sasa mimi. Mwaka nilipomaliza fomu four nilipata nafasi katika chuo nje ya nchi, masomo ya filamu, nusu ya karo imelipwa. Nusu nyingine harambee. Mathe aliuza shamba kidogo la kwao, mjomba akaleta barua ya benki, kanisa likachanga. Nikaenda ubalozi mmoja hapa Nairobi, na tafadhali msinitumie meseji kuniuliza ni upi. Nilikuwa na faili ya kurasa 60. Nilivaa koti la mjomba. Mama wa nyuma ya kioo hakufungua hiyo faili. Aliniuliza nani analipa. Nikasema familia. Akauliza nina ndugu kule. Nilikuwa nimeambiwa niseme hapana, lakini ninaye binamu, nikasema ndiyo, ninaye, anaishi huko. Akauliza nitafanya nini nikimaliza. Dakika tatu hazikuisha. Akanipa karatasi inayosema sijathibitisha kwamba nitarudi nyumbani.

Ukisema una mtu kule, utabaki. Ukisema huna, utaishi wapi? Ukiwa na pesa kidogo, utakuwa mzigo. Ukiwa na pesa nyingi zimeingia benki mwezi jana, ni za nani? Kazi inakungoja, Muitaliano?

Pesa ya shamba haikurudi yote. Nikaingia chuo hapa, nikasoma kozi ambayo sikuipenda, karo ikanishinda mwaka wa pili, nikatoka. Hiyo stori wengi wenu mnaijua, nimeisema kwa video, sirudii. Lakini sikuwahi kuona dakika hizo tatu kama historia. Niliziona kama aibu yangu, kosa langu, koti la mjomba lilikuwa kubwa. Ilinichukua projekta ya mtumba kujua kwamba lile swali lina zaidi ya miaka 100.

Kuna mtu mmoja wa njia ya katikati nataka mumjue kabla sijamaliza, kwa sababu anatuhusu. C.L.R. James, mwandishi kutoka Trinidad, mtu mweusi, alizaliwa 1901. Ndiye aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu watumwa wa Haiti waliopindua mabwana wao. Mwaka 1935, Italia ilipokuwa inajiandaa kuvamia Ethiopia, watu weusi walioishi London waliunda kundi la kuitetea Ethiopia. Mwenyekiti alikuwa James. Katibu wa heshima alikuwa kijana wetu mmoja, Jomo Kenyatta.

James akaenda Marekani 1938, viza yake ikaisha, akabaki. Miaka ile ya hofu ya ukomunisti wakamtafuta, na Juni 1952 akapelekwa Ellis Island. Alikuwa mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Akakaa kizuizini miezi kadhaa, na humo ndani akaandika kitabu kizima kuhusu Moby-Dick, ile riwaya ya nyangumi, akitumaini kuonyesha Wamarekani kwamba anaielewa nchi yao kuliko wanaomfukuza. Sura ya mwisho inaeleza maisha ya hicho kisiwa. Haikusaidia, mwaka 1953 aliondoka. Na mnakumbuka Oktoba 1952 nini kilitokea hapa? Tarehe 20 hali ya hatari ikatangazwa, Kenyatta akakamatwa. Mwenyekiti na katibu, mwaka mmoja, mmoja kisiwani New York na mwingine huku kwa Waingereza. Niliposoma hiyo niliamka nikazunguka nyumba. Saa nane usiku.

Kisiwa kilifungwa miaka miwili baadaye, Novemba 1954. Mtu wa mwisho alikuwa baharia wa Norway, Arne Peterssen, aliyepitisha muda wake wa kukaa nchi kavu. Akaachiliwa, taa zikazimwa. Kwa hivyo Septemba 1959, wale wanafunzi 81 wa ndege ya Tom Mboya walipotua New York, hawakuona ngazi wala chaki. Waliteremka wamevaa suti na viza zao tayari. Maswali walikuwa wameulizwa kabla ya kupanda ndege.

Mwalimu aliniomba nirudi wiki iliyofuata, na nikamwomba nusu saa bila video. Tukasukuma madawati. Nikavaa kofia, nikakaa mezani, darasa zima likapanga foleni. Kabla ya foleni nilikuwa nimemwambia mwalimu atie alama ya chaki kwenye sweta za watoto 8, maana mmoja kati ya watano kwa darasa la 40 ni 8. Hatukuchagua wagonjwa wala wasumbufu. Tulihesabu tu: mmoja, wawili, watatu, wanne, wewe. Hao wakakaa benchi la nyuma. Wengine wakaja mezani nikawauliza kama kuna kazi inawangoja.

Mvulana mmoja alinijibu, "Inategemea wewe unataka nisikie vipi." Nikampitisha. Angepita popote huyo.

Lakini kilichonishangaza ni benchi. Dakika kumi za kwanza walicheka. Kisha wakaanza kuulizana ni nini wamefanya. Mmoja alikuwa anasugua sweta akisema yeye hakuwa amekohoa. Wawili wakaacha kuongea kabisa. Yule msichana wa dawati la mbele alikuwa mmoja wao, na alipitisha huo muda wote akiwatazama wenzake wakivuka upande wa dirisha, ambao ulikuwa ndio New York. Kengele ikalia na mwalimu akasema haya, tumemaliza, mwende mapumziko. Akabaki ameketi.

"Wewe hujatuuliza swali hata moja," akaniambia.

Nikavuta kiti. Nikamuuliza yote 29, mengine nikiyasoma kwa simu. Foleni ya uji ilikuwa imeisha tulipomaliza, ikabidi nimnunulie mandazi mawili pale getini.

Alhamisi tunafanya Angel Island. Taa ya projekta yangu imeanza kufifia, kwa hivyo kama kuna mtu huku Kayole au Umoja ana nyingine ya kuazima, anitumie meseji. Hiyo ndiyo meseji nitajibu.